Upande wa Amerika

Siku mliyoniaga mlinipa keki, kitenge na maneno mazuri, halafu mkaniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu redioni, ili wanaoingia sasa wajue kazi ilikuwaje. Ombi hilo nimekaa nalo tangu mvua zianze. Nyumba yangu ya Himbi, hapa Goma, ina nafasi ya kutosha ya kuandikia. Ina nafasi ya kutosha ya kila kitu. Vyeo nitavipita. Cheo changu cha mwisho mnakijua, na nyote mliona kwamba hakikunizuia kukausha sakafu ya studio maji yalipopenya. Mshahara nao naupita, maana hauna cha kusimulia. Nitasema juu ya kazi yenyewe, na hasa juu ya msimu mmoja uliofanya watu wa mji huu waniite Mama Amerika, jina ambalo wengi wenu mlilikuta tayari, mkadhani nina ndugu kule. Sina ndugu Amerika, wala sijawahi kufika.

Mimi ni mtoto wa Butembo, binti wa mfanyabiashara wa chumvi. Nilikuja Goma kusoma uchumi, na nilipomaliza kuna benki iliyokubali kunichukua. Ilifunga milango kabla sijakanyaga kizingiti chake. Ndivyo nilivyoingia redioni, na sketi niliyoshonesha kwa ajili ya benki.

Redio yetu wakati ule ilikuwa nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe ya volkeno. Kuta za studio zilifunikwa vipande vya magodoro ya sponji ili sauti isirudi, na mikro ilivishwa soksi ya mtoto mchanga ili pumzi ya msemaji isivume. Nyuma kulikuwa na jenereta iliyokohoa kama mgonjwa wa kifua. Mkirekodi mnazima jenereta, mkizima jenereta hamna umeme wa kurekodi. Fumbo hilo kila mmoja alilifumbua kwa namna yake, na betri ndizo zilizolipia.

Aliyenipokea ni fundi mitambo wetu, Muzee Paluku, mtu wa Beni, mwembamba, mwenye sweta ya sufu jua liwake lisiwake. Sikupewa mikro. Alinipa kalamu ya risasi ya kuzungushia kanda za kaseti zilizolegea, nikakaa kwenye benchi nikizungusha kanda kwa siku nyingi hadi nikaanza kuota nazo. Baadaye alinituma sokoni kuuliza bei ya maharagwe, unga wa muhogo, mafuta ya mawese na samaki wa Vitshumbi. Niliporudi na maelezo marefu juu ya sababu za kupanda kwa bei, aliyakata yote.

“Anza na bei,” aliniambia. “Mawazo yako mutu anaweza kuyabishia. Bei ya maharagi hawezi, juu ameinunua asubuhi.”

Nimefundisha wengi tangu wakati ule, na sijapata somo bora kuliko hilo. Mengine niliyaokota njiani. Nilijifunza kuvaa kinasa sauti shingoni chini ya kitenge, kwa ajili ya mvua na kwa ajili ya wanajeshi. Nilijifunza kuziba taa yake nyekundu kwa plasta, baada ya kwanza kumweleza mtu kwamba namrekodi, kwa sababu mfanyabiashara wa Rutshuru akiiona taa ile inawaka ghafla anaanza kuongea kama anasoma misa. Nilijifunza kupanda juu ya magunia kwenye lori bila kukalia mfuko wa mtu. Haya hayako katika mafunzo mnayopewa hotelini.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyenifundisha. Ukifunga mlango wa studio, uko peke yako. Unasema “ndugu wasikilizaji”, na mbele yako kuna godoro. Watu husema mtangazaji ana marafiki wengi. Ana wengi wanaomjua, na hilo ni jambo lingine. Mume wangu Kasereka alikufa katika ajali kwenye barabara ya Butembo katika mwaka wangu wa nne kazini, na hatukuwa tumejaliwa mtoto. Juma lile lile nilirudi kusoma bei, na hakuna msikilizaji aliyejua, kwa kuwa sauti yangu haikutetereka. Nilisifiwa kwa hilo.

Kisha akaja Luc. Alikuwa Mbelgiji wa Liège, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyetumwa na shirika moja la Ulaya lililotusaidia mitambo. Wazungu wengine waliopita kwetu walitufundisha kwa picha za ukutani. Luc alikaa nami mezani na kipande cha sauti, akanionyesha jinsi ya kukata pumzi ya mtu bila kumkata ulimi, na jinsi ya kuacha kimya kidogo mahali ambapo mtu ameumia. Kiswahili chake alijifunza barabarani, kwa hiyo alijua kutukana kabla hajajua kusalimia. Jumapili baada ya misa alikuja kwangu kula bugali na sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, na tulibishana: juu ya Mungu, juu ya bei ya kahawa, juu ya kama mbwa ana haki ya kulala ndani. Majirani walisema walivyosema. Hakukuwa na kitu kile walichokidhania. Kulikuwa na mtu mmoja mjini aliyeona kwamba ninachofikiri kinastahili kubishiwa, na tangu Kasereka afe sikuwa nimempata mwingine.

Ndipo ukaja mwaka ule ambao benki kubwa za Amerika zilianguka. Mwanzoni kwetu ilikuwa kama radi ya mbali. Nilisoma habari hizo baada ya bei ya viazi, na watu walicheka: benki zetu zilianguka zamani, sasa wenzetu nao wameonja. Lakini haikuchukua muda, nyumba za kununua mawe ya madini, zile tunazoziita kontuari, zikaanza kufunga mageti. Bei ya kasiteriti, yale mawe ya bati, ilishuka, kisha bei ya koltani ikafuata, na ndege ndogo zilizokuwa zikileta magunia kutoka Walikale zikapungua angani hadi mtu ukisikia moja unainua kichwa. Wachimbaji walishuka kutoka machimboni na matope yao miguuni. Wauza bia walinuna, na mafundi waliokuwa wakijenga ghorofa za wafanyabiashara waliacha vyuma vimesimama vikiota kutu. Na vita navyo vilikuwa vikiukaribia mji, kama kawaida yake, kwa hiyo kila mtu alikuwa na sababu mbili za kutolala.

Mezani kwangu, Luc hakuwa na habari nyingine. Alisema ubepari wa Amerika umekufa na anashangaa tu kwamba umechelewa. Walimpa mtu nyumba wakijua hawezi kuilipia, alisema, wakauza karatasi ya ile nyumba, kisha wakauza karatasi ya ile karatasi, na sasa mtu wa Walikale anatupa sururu yake kwa sababu ya uongo uliosemwa New York. Ulaya, alisema, imejifunza kufunga soko kamba mguuni kama mbuzi. Nilimsikiliza. Mengi niliyaona ya kweli.

Shirika lake liliamua kuandaa mjadala mkubwa katika ukumbi wa parokia, urushwe moja kwa moja hewani: je, mfumo wa Amerika una faida yoyote kwa watu kama sisi? Upande wa lawama walikuwepo Luc na wageni wawili, Mfaransa na Mjerumani. Upande wa pili haukuwa na mtu. Mkurugenzi wetu alizunguka biro, ofisi yetu, akimwomba huyu na yule, na kila mmoja alikumbuka mgonjwa nyumbani. Mwisho akasimama mbele ya meza yangu.

“Mama Masika,” alisema, “mutu mumoja lazima akamate upande wa Amerika. Weye ulisoma uchumi.”

Nilikubali kwa uvivu wa kukataa, kama mtu anayekubali kuosha vyombo. Nilikwenda sibakafe, kwenye intaneti ya kulipia, nikasoma mpaka macho yakauma. Kisha nikampigia simu baba yangu Butembo, si kwa ajili ya mjadala, bali kumjulia hali. Nilipomwambia kazi niliyopewa hakucheka. Alinisimulia jambo ambalo nilikuwa nimelisikia vipande vipande tangu utotoni. Alipokuwa kijana, wakati wa Wabelgiji, alifuata chumvi ya Katwe ng'ambo ya mpaka na kuileta kwa baiskeli, akisukuma kwenye milima. Siku moja askari wa msimamizi alimsimamisha akamwuliza karatasi ya ruhusa ya kufanya biashara. Hakuwa nayo, maana mtu mweusi wa umri wake hakupewa. Walimwaga chumvi barabarani, na mvua ikanyesha. Alikaa pale akiitazama inayeyuka.

“Sikulia juu ya chumvi,” baba aliniambia. “Nililia juu nilijua kuiuza, na wao walijua kama najua.”

Baada ya simu ile, upande niliopewa na mkurugenzi ukawa wangu.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Muzee Paluku alikuwa nyuma na mitambo yake, sweta mwilini. Luc alitangulia, na alisema vizuri kuliko alivyowahi kusema mezani kwangu; watu walimpigia makofi, hata mimi mikono iliniwasha. Nilipopewa mikro nilianza na bei: kilo ya kasiteriti ilikuwa inauzwa vipi kabla ya mvua, na inauzwa vipi leo. Ukumbi ukatulia, kwa sababu kila mtu alikuwa na ndugu ndani ya bei ile.

Nikasema kwamba wezi ni wezi, na waliouza karatasi za uongo sitawatetea. Ila nikawauliza wageni wetu: karatasi zile, benki za Ulaya zililazimishwa kuzinunua? Zilizinunua kwa mikono miwili, zikiomba nyingine. Watu wakacheka. Nikasimulia chumvi ya baba. Nikasema ubepari tulioujua sisi hapa haukutoka Amerika. Ulikuja na karatasi ya mfalme, kampuni ikapewa msitu pamoja na watu waliomo, na mwenye msitu akakatazwa kuuza hata chumvi. Ubaya wake haukuwa soko kuwa huru kupita kiasi. Ulikuwa soko kufungwa kwa ufunguo na ufunguo kuwekwa mfukoni mwa mtu mmoja. Waamerika, pamoja na dhambi zao, wana kitu kimoja ninachokionea wivu. Kwao mtu anaruhusiwa kuanguka. Anakwenda mbele ya hakimu, anasema nimeshindwa, wanampunguzia mzigo, wanamwachia vifaa vyake vya kazi, na baada ya muda anaanza upya, na jirani anaweza kumwamini tena. Kwetu mfanyabiashara akianguka anahama mji, au anajifungia ndani hadi afe. Nikaongeza kwamba hata sisi tunaomtukana Mwamerika, noti yake ya dola ikichanika kidogo pembeni tunaikataa, kama vile tumemwona Mwamerika mwenyewe amechanika.

Luc alisimama. Hakuwa anacheka. Aliuliza kama nimewasahau watumwa waliolima pamba ya huo uhuru wangu. Nikamjibu kwamba sijawasahau, kwamba hilo sina jibu lake na sitalitafuta. Akasema kwa Kiswahili, hewani, mbele ya wote:

“Masika, unatetea watu wenye hawakujui.”

“Na weye,” nikamjibu, “unatetea watu wenye hukuwauliza.”

Watu walipiga kelele ya furaha, kama kwenye mpira. Mimi niliona uso wake ukijifunga. Katika Jumapili zote tulizokula pamoja, sikuwahi kumwona amejifunga hivyo.

Kisha kijana mmoja aliomba kusema. Jina lake Bahati, mzaliwa wa Munigi, aliyekuwa ameshuka kutoka machimboni Walikale baada ya bei kuanguka. Hakukasirika, aliongea polepole, akishika kofia yake kwa mikono miwili.

“Mama, nimesikia huko Amerika mutu akianguka wanamuachia aanze tena,” alisema. “Miye nimeanguka. Hapa, nani ananiachia nianze?”

Nikasema, “Hapa hakuna. Ndiyo maana nakitaka kitu kile cha kwao.” Lilikuwa jibu la kweli, na halikumfaa mtu. Bahati alivaa kofia yake akakaa.

Tuliporudi biro, Muzee Paluku alikuwa akikunja nyaya. Hakuniambia kama nilishinda. Alisema tu kwamba nilianza vizuri, na kwamba mikro ya Mjerumani ilikuwa na tatizo, bahati nzuri kwa wasikilizaji.

Jina la Mama Amerika lilinipata kesho yake sokoni. Mwanzoni lilikuwa la utani. Baadaye wenzangu wawili waliacha kula nami mchana. Ilisemekana kuna ubalozi umenipa kitu. Wachimbaji walionijua walinisalimia kwa baridi, maana masikioni mwao nilikuwa nimesema kuanguka kwao ni jambo jema. Mkurugenzi, aliyenituma, aliwaeleza wafadhili kwamba yale yalikuwa mawazo yangu binafsi. Hilo lilikuwa kweli kufikia hapo, ingawa yeye ndiye aliyeniweka kwenye kile kiti. Na Jumapili iliyofuata nilipika sambaza kama kawaida, nikasubiri mpaka zikapoa. Luc hakuja. Biro alinisalimia kwa adabu, akinionyesha makosa ya sauti kama anavyowaonyesha wengine. Adabu ile ilinikausha kuliko matusi. Bugali ya mtu mmoja ni ngumu kupika. Sufuria haina kipimo chake.

Nilijifariji kwamba siku moja Mwamerika wa kweli atapita, na kwamba yeye angalau atajua nilichojaribu kusema. Alipita. Aliitwa Tom, fundi wa mradi wa maji, mtu mpole aliyechomwa na jua, aliyekuja studio kutangaza bomba jipya. Kipindi kilipokwisha mtu alimnong'oneza kwamba huyu mama ndiye aliyeitetea nchi yako. Aliniomba nimsimulie niliyosema. Nilimsimulia yote kwa Kifaransa cha polepole, na nakiri nilisimulia kwa madaha kidogo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba mama yake alikuwa amenyang'anywa nyumba na benki mwezi uliotangulia, na kwamba yeye, kama angekuwa pale parokiani, angekaa upande wa yule Mbelgiji.

“Ungekuwa mezani na mama yangu, ungemwambia nini?” aliniuliza.

“Kwamba anaweza kuanza tena.”

“Ana miaka sabini,” alisema.

Hakusema kwa ukali. Alinipa mkono, akatoka kwenda kwenye bomba lake. Nilibaki studio na soksi ya mikro mkononi, nikielewa kwamba katika mji wote, pengine katika dunia yote niliyoweza kuifikia, upande ule nilikuwa nimebaki peke yangu, na hata mwenye nyumba alikuwa amehama. Si kwamba nilibadili mawazo. Mtu akibaki peke yake huanza kuuliza kama bado anafikiri au ameng'ang'ania tu. Nilijiuliza hivyo kwa majuma mengi, nikisoma bei.

Jibu nililifuata mwenyewe. Nilipanda pikipiki hadi Munigi kumtafuta Bahati. Nilimkuta akivunja mawe ya volkeno ya kujengea, vumbi limempa mvi. Nilimwambia nimekuja na swali lake kwa kuwa sikulijibu, na kwamba sheria siwezi kutunga, ila dakika za redio ninazo. Je, anaweza kuja kusimulia jinsi alivyoanguka, mwanzo hadi mwisho, bila kuona haya? Alicheka, akauliza nani anataka kusikia mambo ya mtu aliyeshindwa. Nikamwambia: wengine walioshindwa, na hao ni mji mzima.

Ndivyo kilivyoanza kipindi ambacho ninyi mnakijua kwa jina la Nilianguka. Bahati alikuwa wa kwanza. Alisimulia machimbo, bei, na siku aliyouza sururu yake. Wiki iliyofuata alikuja Mama Furaha, muuza vitenge ambaye mzigo wake uliozama ziwani ulimfanya ajifiche kwa dada yake kule Sake. Watu walidhani amekimbilia Kampala. Alikuja amejitanda mpaka puani. Akiwa katikati ya simulizi alianza kucheka, akashindwa kujizuia, akasema: “Kumbe nikisema kwa sauti, inakuwa kitu kidogo.” Wanawake wa sokoni waliomdai, aliokuwa akiwaogopa, walimngoja nje ya geti. Nilidhani wamekuja na maneno. Walikuja kumrudisha sokoni, wakamwachia sehemu ya meza. Si wote walipokelewa hivyo. Kuna mwanamume mmoja alisimulia vizuri sana, na wakwe zake wakamnyang'anya mke jioni ile ile. Sitawaficha hilo, kipindi hakikuwa dawa. Lakini kiliendelea miaka mingi, na kila nilipokifungua nilijua kwamba huo ndio mjadala wangu, bado naendelea nao, ila sasa hakuna aliyekaa upande wa pili.

Luc aliondoka kabla kipindi hakijatimiza mwaka. Mgogoro ulifika kwao pia; shirika lake lilipunguza watu, na yeye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Nilimsindikiza hadi mpakani, kwenye kizuizi kikubwa cha kuingia Gisenyi. Alikuwa na mkoba mmoja na redio ndogo. Tulisimama kando ya wabeba mizigo, na nilikuwa na maneno mengi ya ushindi ambayo mtu mwingine angeyatumia: Ulaya yake yenye kamba mguuni ilikuwa imemtupa nje kwa barua ya mistari michache. Sikuyatumia. Nilimwambia sambaza zilikuwa zinapoa kila Jumapili. Akasema anajua, alikuwa akipita barabarani na kusikia harufu, na miguu ilikataa kuingia.

“Uliniumiza juu ulikuwa na haki nusu,” alisema.

“Nusu gani?”

Alifikiri, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu parokiani. Askari wa forodha akamwita, akavuka bila kunijibu.

Baadaye kazi iliendelea kama mnavyoijua. Kaseti zilikwisha, zikaja kompyuta. Muzee Paluku alistaafu akarudi Beni, na nikaambiwa amezikwa na sweta yake. Volkeno ilitisha tena, vita vilikuja na kwenda na kuja. Niliwafundisha ninyi. Mlikuwa wasikivu, wenye heshima, na hakuna aliyewahi kunibishia. Nikisema jambo mnasema “ndiyo, Mama”, mnaandika. Nilijaribu kuwachokoza, nilisema mambo ya ajabu makusudi katika mikutano ya asubuhi, nanyi mkaitikia kwa vichwa. Siwalaumu. Ila kama mnataka kujua mtu wa redio anazeekaje, huzeeka hivyo, anakubaliwa hadi anachoka.

Mwaka huu niliostaafu, benki za mji zimefungwa kwa ajili ya vita, na uwanja wa ndege umelala. Alasiri moja nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, jikoni, simu ikalia kwa namba ya nje. Alikuwa Luc. Sauti ilikuwa yake, lakini imekatwa pumzi, kama alivyonifundisha kukata za wengine. Baada ya salamu alinieleza kwamba alipofika kwao alifungua duka la kahawa, kahawa ya kutoka huku Kivu, kwa sababu alijua kuielezea. Lilikwenda vizuri, kisha likaenda vibaya. Sasa limefungwa. Sheria ya kwao imemsaidia kwa kiasi, alisema, sheria haina shida. Shida ni kwamba hatoki nje. Anaona haya kupita mbele ya mlango ule. Dada yake anamletea chakula, na hawaongei.

“Niambie tena,” alisema. “Ile yenye ulisema siku ile kwa parokia. Siku ile sikusikiliza. Nilikuwa natafuta tu ya kujibu.”

Niliketi kwenye kiti cha jikoni, majani ya sombe mapajani, nikaanza. Nilidhani nitamwambia habari za hakimu na za kuanza upya, lakini zilizokuja mdomoni ni habari za watu. Nilimwambia juu ya Bahati, ambaye leo ana kikosi cha wavunja mawe na anawafokea kama Mbelgiji wa zamani. Nilimwambia Mama Furaha alivyocheka. Nilimwambia hata juu ya yule aliyenyang'anywa mke, kwa sababu Luc si mtu wa kudanganywa. Nilimwambia aibu haipiti mlangoni yenyewe, mtu huipitisha, na kwamba kesho avae koti atembee mbele ya duka lile, asimame, alitazame, arudi nyumbani, na kesho kutwa tena. Nilimwambia nusu yake ya haki ninayo mpaka leo, mama yake Tom ndiye aliyeniachia, na sijaweza kumjibu. Niliongea kwa muda mrefu, nikashangaa kwamba Amerika sikuitaja hata mara moja. Nikaacha kimya kidogo, mahali pale pa kuachia.

Kimya kikawa kirefu. Nilipoitoa simu sikioni, kioo kilikuwa cheusi. Mtandao ulikuwa umeondoka, kama unavyoondoka siku hizi, bila kuaga.

Nilimpigia siku ile, na siku zilizofuata. Namba haipatikani. Sijui alisikia mpaka wapi.